Ndugu wa Barabarani, Mpaka Hesabu Iingie Kati

Ujerumani au Marekani, waendesha pikipiki wawili wakipishana husalimiana kwa kuushusha mkono wa kushoto usawa wa goti, vidole viwili vimenyooshwa. Huko vyombo hupita kulia, kwa hiyo mkono wa kushoto ndio unaomwelekea anayekuja, na wa kulia unabaki kwenye mafuta. Ufaransa, pikipiki iliyopishwa na gari hushukuru kwa mguu: mwendeshaji huutoa mguu wa kulia nje kidogo, kisha akaurudisha. Uingereza wanapita kushoto kama sisi. Mkono ulio karibu na anayekuja ndio huo huo ulioshika mafuta, hivyo salamu yao ni kutikisa kichwa. Tanzania, Kenya na Uganda nako ni kichwa, au taa inayowashwa mara moja, au honi fupi.

Salamu ipo, basi. Swali ni nani anapewa. Simama Jumamosi asubuhi pale Msata, barabara ya Bagamoyo inapoungana na ile ya Chalinze na Segera. Unapita msafara wa pikipiki kubwa, BMW kadhaa, Africa Twin, Kawasaki moja au mbili. Wakikutana na wenzao taa zinawaka msafara mzima. Dakika chache baadaye anakuja kijana juu ya pikipiki ndogo ya Boxer, magunia ya mkaa yamefungwa nyuma kwa mipira ya tairi, anaendesha amekaa karibu juu ya tangi. Hakuna taa inayowashwa, wala kichwa kinachotikiswa, na yeye mwenyewe hategemei. Mbele kidogo anapishana na Boxer nyingine yenye abiria, na hapo honi mbili fupi zinajibizana.

Wote hawa wako juu ya magurudumu mawili. Hakuna bati la kuwazunguka wala mkanda wa kuwashika, na lori likihama njia halitauliza injini ni ya cc ngapi. Kwa hesabu hiyo wangekuwa ndugu wa damu. Nimelifuatilia jambo hili kwa muda mrefu, vijiweni na kwenye misafara ya mwisho wa wiki, na ninaamini kwamba udugu wa waendesha pikipiki ni wa kweli kabisa, ila hauletwi na pikipiki. Unaletwa na maswali mawili: ukianguka, nani atakuinua? Na nani atalipa? Walio na jibu moja huwa ndugu. Walio na majibu tofauti hubaki kutazamana kwa mbali na kupeana majina.

Majina hayo si ya zamani. Waliokulia vijijini miaka ya 1980 na 1990 wanakumbuka pikipiki ikiwa chombo cha heshima. Ilikuwa Honda ya bwana shamba, Yamaha ya daktari wa mifugo, pikipiki ya padri anayezunguka vigango, Vespa ya mwalimu au karani wa Unguja na Dar es Salaam. Mlio wake ukisikika, watu walijua kuna mtumishi anakuja. Hakuna aliyemwita mwenye pikipiki mhuni, na baba aliyemwona binti yake akishuka kwenye pikipiki hakuwa na sababu ya kukunja uso.

Kilichobadilisha sura hiyo ni bei na sheria. Pikipiki za China na India zilianza kuingia kwa wingi miaka ya 2000, zikiwa za bei ambayo mwalimu mwenye akiba, mama mwenye duka au mkulima aliyeuza korosho vizuri aliweza kuimudu. Kenya ilizipunguzia kodi pikipiki ndogo, zile za chini ya cc 250, mwaka 2008. Tanzania ikarekebisha sheria mwaka 2009 ili pikipiki na bajaji ziruhusiwe kubeba abiria kwa malipo, na kanuni za leseni zikafuata mwaka 2010. Kwenye mpaka wa Busia na Malaba, kati ya Kenya na Uganda, biashara hii ya bodaboda ilikuwa imeshaanza miongo kadhaa nyuma kwa baiskeli; pikipiki ilikuja kurithi njia zilizokwisha kukanyagwa. Ndani ya muongo mmoja chombo cha mtumishi wa serikali kikawa ajira ya kwanza ya kijana aliyemaliza darasa la saba au kidato cha nne na hana mtu wa kumshika mkono.

Heshima ikahama na mwenye chombo. Pikipiki ni ile ile, lakini aliyeipanda sasa alikuwa mtu ambaye jamii ilishakuwa na maneno juu yake kabla hajawasha injini: kijana, maskini, hana kazi maalumu, yupo mtaani mchana kutwa. Akapewa sifa zote za kundi hilo. Anaharibu mabinti wa shule. Anashirikiana na vibaka. Hasikii la mtu. Yapo matukio ya kweli nyuma ya maneno haya, nisiyakane: wapo wanafunzi waliokatishwa masomo kwa ujauzito ulioanzia kwenye lifti, na wapo waporaji wa mikoba wanaotumia pikipiki. Lakini mporaji aliyekodi au kuiba pikipiki ya kufanyia uhalifu anahesabiwa kuwa bodaboda, na yule aliyemkimbiza mjamzito zahanati saa nane usiku anahesabiwa kuwa kijana mmoja mwema.

Hukumu inayoniumiza zaidi ni ile wanayotoleana wenyewe kwa wenyewe waendesha pikipiki, kwa sababu wao wanajua. Kwa mwenye pikipiki kubwa, bodaboda ni mtu ambaye hakufundishwa kitu. Anapita kushoto kwa gari linalokata kushoto. Helmeti ameitundika kwenye usukani. Anapiga mishikaki, abiria wawili au watatu nyuma yake. Saiti mira amezing'oa au amezikunja ndani, zinatazama kifua chake. Hili la saiti mira nimelisikia likitajwa mara nyingi kuliko yote, kama ushahidi wa mwisho kwamba hapa hakuna akili.

Basi tulitazame kwa karibu. Usukani wa Boxer ni mwembamba. Saiti mira zikikunjuliwa, zenyewe ndizo sehemu pana kuliko zote kwenye pikipiki. Foleni ya Buguruni au ya Mwenge jijini Dar es Salaam inapokaza, nafasi kati ya daladala na gari dogo inatosha magoti na usukani, haitoshi saiti mira. Aliyezikunja anapita. Aliyeziacha wazi anasubiri taa zibadilike, au anakwaruza mlango wa mtu na kuwa na kesi mkononi. Mwenye BMW hakunji za kwake kwa sababu masanduku yake ya pembeni hayapiti hata akizikunja, na zaidi ya hayo hana anayemsubiri. Kukunja saiti mira ni hatari, na watu wamekufa kwa kutoona kilicho nyuma yao. Lakini huo si ujinga. Ni uamuzi wa mtu aliyepima hatari ya gari la nyuma dhidi ya hasara ya dakika kumi, akaona dakika kumi zinauma zaidi.

Kwa nini zinauma hivyo? Kwa sababu ya hesabu. Wengi wa walio vijiweni hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Kuna bosi, naye kila jioni anapelekewa hesabu, iwe siku ilikuwa na abiria au ilikuwa na mvua. Tuseme hesabu ni shilingi 10,000, na mafuta ya siku ni 8,000. Nauli za mtaani tuziweke wastani wa 1,500. Huyu kijana anahitaji safari 12 ili afike sifuri. Ya 13 ndiyo ya kwanza kumlisha yeye na waliomo nyumbani, na kila safari ina marejeo yake matupu. Ukilaza hesabu siku mbili, funguo zinachukuliwa na kupewa deiwaka, dereva wa kibarua anayesubiri pembeni. Kwa hiyo mwendo ule wa kukimbizana, kukata kona kabla ya taa, kubeba watu wawili wanaokwenda upande mmoja, hautokani na tabia ya ujana pekee. Umeandikwa kwenye makubaliano kati yake na bosi, ingawa mara nyingi makubaliano yenyewe hayakuandikwa popote.

Upande wa pili nao una picha yake. Kwa bodaboda, mwenye pikipiki kubwa ni tajiri anayecheza. Anachoma mafuta ya wiki nzima kwenda kula samaki Bagamoyo na kurudi. Anavaa koti zito la ngozi kwenye joto la Dar es Salaam. Trafiki akimsimamisha, wanaongea Kiingereza na kucheka. Akianguka, kuna bima, kuna gari la kumfuata, pengine hata ndege ya madaktari. Picha hii nayo inapunja. Wengi kwenye misafara hiyo ni wafanyakazi wa kawaida waliojinyima miaka kununua pikipiki ya mkono wa pili, na koti lile halivaliwi kwa fahari: ngozi ya ng'ombe ikikwaruzana na lami, ya binadamu inabaki. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa helmeti hupunguza uwezekano wa kifo kwa mwendesha pikipiki anayepata ajali kwa asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Anayezijua namba hizo na ana uwezo wa kununua helmeti nzuri, hawezi kulaumiwa kwa kuivaa.

Ninachowalaumu ni kingine. Jumapili alfajiri kwenye Thika Road ya Kenya, au kwenye sehemu zilizonyooka kati ya Chalinze na Segera, pikipiki kubwa hupita kwa mwendo ambao hakuna Boxer iliyowahi kuufikia. Wengine wametoa viziba sauti vya kiwandani, kijiji kizima kinaamka. Kijana wa kijiweni akifanya hivyo anaitwa mhuni. Wa msafarani anaitwa mpenzi wa pikipiki. Kosa ni moja kisheria, na mwili unaogongwa ni mmoja.

Katikati ya makundi haya mawili yuko mtu ambaye hasemwi kabisa, naye pengine ndiye mwenye hekima kubwa zaidi barabarani: mwenye pikipiki ndogo yake binafsi, namba ya njano badala ya nyeupe ya biashara. Ni muuguzi anayewahi zamu, fundi umeme na mkoba wake, mratibu elimu kata anayezungukia shule sita. Trafiki humsimamisha akidhani ni bodaboda asiye na leseni ya biashara. Abiria humwita kituoni, naye akipita bila kusimama hutukanwa. Msafara wa pikipiki kubwa haumtazami. Nimemsikia mmoja wao, mwalimu wa Morogoro, akieleza kwamba ameshonesha nembo ya shule kwenye koti lake la mvua ili watu wajue. Alijua kuwa analipa kwa hukumu isiyo yake, na alichoweza kufanya ni kujitenga na wenzake kwa kitambaa.

Tabia hii ya kuhukumu kundi zima kwa nguo na chombo haikuanzia kwetu. Julai 1947, katika mji mdogo wa Hollister, California, mkusanyiko wa waendesha pikipiki uligeuka vurugu za ulevi. Gazeti la picha la Life likachapisha picha moja ya mtu mnene amekaa juu ya Harley, chupa za bia zimetapakaa chini. Mwaka 1953 ikaja filamu ya The Wild One, Marlon Brando akiwa kiongozi wa genge la pikipiki. Toka hapo Mmarekani wa kawaida akajua mwendesha pikipiki anafananaje, na vijana waliotaka kuogopwa wakajua wavae nini. Vesti za ngozi zenye nembo mgongoni ambazo wanachama wa vilabu vya Nairobi na Dar es Salaam wanazivaa leo zinatoka kwenye ukoo huo, ingawa wanaozivaa hapa ni wahasibu, wahandisi na wafanyabiashara.

Uingereza mgawanyiko ulikuwa ndani ya waendeshaji wenyewe. Wapo waliopanda skuta za Kiitaliano, Vespa na Lambretta, wakivaa suti zilizokatwa vizuri, na wapo waliopanda Triumph, BSA na Norton, wakivaa ngozi. Wa skuta waliwaona wenzao wachafu na washamba. Wa pikipiki kubwa waliwaona wa skuta watoto wa mama. Pasaka ya 1964 wakagombana mjini Clacton, na mwezi Mei wakagombana Brighton na kwingineko pwani. Magazeti yaliandika kana kwamba nchi imevamiwa. Mwanasosholojia Stanley Cohen alikuja kulichambua jambo hilo katika kitabu alichokitoa mwaka 1972, akaonyesha jinsi vyombo vya habari, polisi na mahakama walivyoikuza vurugu ndogo hadi ikawa tishio la taifa, na jinsi vijana wenyewe walivyoanza kuishi kulingana na picha waliyochorewa. Hilo la mwisho ndilo la kutafakari kwetu. Kijana anayeambiwa kila siku kuwa bodaboda ni mhuni, iko siku atafanya uhuni kwa kuwa hana cha kupoteza.

Wakati huohuo yuko mtu mmoja aliyefanya kinyume. Bill Shergold alikuwa kasisi wa Kianglikana mashariki mwa London, naye alipanda pikipiki. Mwaka 1962 alikwenda Ace Cafe, mgahawa wa kando ya barabara uliokuwa kijiwe cha vijana wa ngozi waliokuwa wakiogopwa, akawaalika ibadani pamoja na pikipiki zao. Walikuja. Tawi la pikipiki la klabu ya vijana ya 59 Club lililotokana na mwaliko ule lilikua hadi kuwa na maelfu ya wanachama. Hakuwahubiria barabarani, hakuwashitaki kwa serikali. Aliingia kijiweni kwao akiwa juu ya pikipiki, kama mmoja wao.

Narudi kwenye kijiwe cha kwetu, kwa sababu hapo ndipo udugu unapoonekana kwa nguvu yake yote, na ndipo unapotisha. Asiyekaa kijiweni anadhani ni mahali pa kusubiri abiria na kupiga soga. Kijiwe kilichopangika kina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kuna kiingilio kabla ya kuruhusiwa kupaki. Kuna zamu. Kuna daftari la michango: mwenzetu amefiwa, mwenzetu mke amejifungua kwa upasuaji, mwenzetu amevunjika mguu. Vijiwe vingine vina mfuko wa kuweka na kukopa, na wapo waliotoka kwenye hesabu ya bosi hadi pikipiki yao wenyewe kupitia mfuko huo. Bodaboda akifa, siku ya maziko barabara hufungwa na msafara wa wenzake, honi na majani ya miti mikononi, kutoka hospitali hadi makaburini. Wapo wanaokerwa na kelele zile. Mimi naona ni kundi lisilo na chama cha wafanyakazi wala mfuko wa pensheni likimpa mwenzao heshima ambayo hakuna mwingine atakayempa.

Kwa nini wanachangiana hivyo? Kwa sababu hakuna mwingine anayelipa. Bima ndogo, ambayo sheria inailazimisha, humfidia mtu wa tatu aliyeumizwa. Mwendeshaji mwenyewe haimhusu. Bosi amelinda chombo chake, si mguu wa anayekiendesha. Deiwaka hana hata karatasi yenye jina lake. Kwenye wodi za mifupa za hospitali zetu kubwa, ambazo watu wengi wamezoea kuziita wodi za bodaboda, ukiuliza nani amelipia vyuma vilivyowekwa mguuni, jibu mara nyingi ni ndugu na kijiwe. Udugu huu ndio bima yao.

Na hapo ndipo penye jambo gumu. Bima hiyo haifanyi kazi baada ya ajali tu. Inafanya kazi pale pale, kwenye lami. Bodaboda anajua kwamba mwenye gari akiondoka na hapo, hatapatikana tena. Anajua pia kuwa polisi akija, atakayeaminiwa kwanza ni mwenye gari. Kwa hiyo honi zinapigwa, na ndani ya dakika chache wanafika kumi, ishirini, hamsini, wengi wao hawakuona kilichotokea. Kazi yao ya kwanza ni kuhakikisha gari halitoki. Mara nyingi inaishia hapo: mwenye gari anatoa hela ya matibabu, namba za simu zinabadilishwa, watu wanatawanyika. Siku nyingine haiishii hapo.

Machi 2022, kwenye Barabara ya Forest jijini Nairobi, mwanamke aliyekuwa akiendesha gari alizingirwa na kundi la waendesha bodaboda baada ya kudaiwa kumgonga mmoja wao. Walimshambulia na kumvua nguo, na video ikasambaa nchi nzima. Kilichofanyika siku ile hakina maelezo yatakayokipunguza. Ulikuwa unyama dhidi ya mwanamke, na waliosimama kando wakirekodi wana sehemu yao. Lakini lazima tuone kwamba umati ule ulikusanywa na kamba ileile inayokusanya michango ya mwenzao aliyevunjika mguu. Ukimtetea ndugu bila kuuliza amefanya nini, siku moja utamtetea kwenye dhuluma. Na udugu usio na sheria nyuma yake hauna mahali pa kuulizia.

Serikali ilijibu kama inavyojibu siku zote, kwa kundi zima. Rais Uhuru Kenyatta aliamuru msako na usajili mpya wa waendeshaji wote nchini, pikipiki zikakamatwa kwa wingi, kisha msako ukasimamishwa baada ya siku chache. Mwezi huohuo, Bujumbura ilipiga marufuku pikipiki, baiskeli na bajaji katikati ya mji. Tanzania ilikuwa imechagua njia nyingine mwaka uliotangulia, pale bajeti ya Juni 2021 ilipopunguza faini ya makosa ya barabarani kwa pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Uamuzi huo ulikuwa na huruma ndani yake, na ulikuwa wa haki, maana faini ya 30,000 ilikuwa hesabu ya siku tatu. Hata hivyo faini ikipungua, kinachomfanya atende kosa hakijaguswa.

Wanasiasa waliuelewa udugu huu mapema kuliko wanasosholojia. Msimu wa uchaguzi ukifika, matangi hujazwa mafuta na misafara ya bodaboda hutangulia mbele ya mgombea. Kampala ilikwenda mbali zaidi: kundi la Boda Boda 2010 lilitumika kama mkono wa nguvu mitaani, hadi kiongozi wake alipokamatwa Januari 2018 na kufikishwa mahakama ya kijeshi. Mshikamano ulioundwa kwa ajili ya kuzikana ukakodishwa kwa ajili ya kupigana, na waliofaidika hawakuwa wale waliokuwa juu ya pikipiki.

Mipaka ya udugu huu huonekana zaidi anapoingia mgeni. Programu za simu zilipokuja, SafeBoda Kampala kuanzia 2014 na baadaye Bolt na Uber katika miji mingi, mwendeshaji aliyekuja kuchukua abiria wa simu mbele ya kijiwe alionekana mwizi wa riziki. Alikuwa na pikipiki ileile, anatoka mtaa uleule, pengine alikuwa mwanachama wa kijiwe kingine. Haikusaidia; hakulipa kiingilio cha hapo. Mwanamke anayeendesha bodaboda anakutana na ukuta wa aina nyingine: kijiwe kinampokea kwa maneno matamu na utani usioisha, na abiria wa kiume anauliza kama kweli ataweza. Jijini Mwanza, shirika la Pikilily limekuwa likiwafundisha wanawake udereva na ufundi wa pikipiki, kwa hoja inayoeleweka: anayeweza kufungua injini mwenyewe hahitaji kuombea nafasi. Pikipiki za umeme, ambazo Kigali ilianza kuziona kwa wingi baada ya 2019 na sasa zinaenea Nairobi na Kampala, zilidharauliwa mwanzoni kwa kukosa mlio. Dharau hiyo inapungua haraka, kwa kuwa kubadilisha betri ni nafuu kuliko kujaza mafuta, na anayebakiwa na fedha nyingi jioni huwa anasikilizwa kijiweni.

Kama kuna mahali ambapo wenye pikipiki kubwa wanaweza kuwa ndugu kweli, si kwenye kutoa helmeti za msaada siku moja kwa mwaka na kupiga picha. Wao wanajua vitu ambavyo kijiwe hakina: namna ya kusoma mkataba wa bima, namna ya kudai fidia, namna ya kufunga breki ya mbele na ya nyuma pamoja bila kuteleza. Baadhi yao wana bosi wa bodaboda ndani ya familia, au wao wenyewe ndio mabosi: wamenunua Boxer mbili tatu za kuingiza hesabu, na kwa faida hiyo wanatengeneza BMW. Mtu huyo anapolalamikia uendeshaji wa bodaboda, analalamikia masharti aliyoyaweka mwenyewe.

Masharti hayo yanabadilika kwa urahisi kuliko tabia za watu. Chukua mkataba wa kawaida, ule ambao kijana analeta 10,000 kwa siku kwa mwaka mzima, kisha pikipiki inakuwa yake. Kwa siku sita za wiki, hizo ni zaidi ya shilingi milioni 3, yaani bei ya pikipiki na ziada. Mkataba ukisema kuwa sehemu ya ziada hiyo itanunua bima ya ajali kwa jina la mwendeshaji, kuwa siku za mvua kubwa hesabu ni nusu, na kuwa akilazwa hospitali miezi yake haifutwi bali inasimama mpaka apone, bosi bado anapata faida. Leo hali ilivyo, kijana akivunjika mguu mwezi wa kumi, pikipiki inachukuliwa, milioni mbili na nusu alizokwisha kuleta hazihesabiwi, na akipona anarudi kijiweni kuanza upya kama deiwaka. Mamlaka za leseni zinaweza kuudai mkataba huo kwa maandishi kabla ya kutoa kibali cha biashara, kama zinavyodai bima ndogo. Na mwenye BMW mwenye Boxer mbili kijiweni hahitaji kusubiri mamlaka. Anaweza kuuandika leo usiku.